Usimamizi wa rangi

Usimamizi wa rangi ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba rangi za picha zinabaki zilezile, au karibu sana, zinapopita kutoka kifaa kimoja kwenda kingine: kutoka kamera au skana hadi kompyuta, kutoka skrini hadi printa, na kutoka prufu hadi mtambo wa ofseti. Hutumiwa na wapiga picha, wasanifu wa kurasa, wachapaji wa vitabu na magazeti, na viwanda vya vifungashio na nguo.

Utaratibu huu unahitajika kwa sababu faili ya picha haina rangi ndani yake; ina namba tu. Kila kifaa huzitafsiri namba hizo kwa njia yake. Picha moja ikifunguliwa kwenye simu mbili zilizowekwa pamoja mezani, mara nyingi huonekana tofauti, ingawa namba ni zilezile.

Chanzo cha tatizo

Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe zinazotambua rangi. Kwa sababu hiyo rangi karibu zote zinaweza kuelezwa kwa namba tatu. Skrini hutumia nuru nyekundu, kijani na buluu, mfumo unaojulikana kwa kifupi RGB. Nuru hizo zikiongezwa pamoja hukaribia weupe. Katika faili ya kawaida kila nuru ina ngazi 256, kwa hiyo michanganyiko inayowezekana ni 16,777,216.

Karatasi haitoi nuru yake yenyewe bali huakisi nuru inayoiangukia, na wino hupunguza sehemu ya nuru hiyo. Wachapaji hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, mfumo unaoitwa CMYK. Wino ukiongezwa, karatasi huwa nyeusi zaidi. Basi skrini hujumlisha nuru, na uchapaji huiondoa.

Jumla ya rangi ambazo kifaa kinaweza kuonyesha huitwa wigo wa rangi. Wigo wa skrini na wigo wa wino havilingani. Kijani kinachong'aa na buluu kali ya skrini haviwezi kupatikana kwa wino nne za kawaida. Wino wa samawati, kwa upande wake, unaweza kutoa rangi ambazo baadhi ya skrini haziwezi kuzionyesha. Karatasi nayo hubadilisha mambo: karatasi ya gazeti hunywa wino na ni ya kijivujivu, lakini karatasi laini yenye kung'aa huacha wino juu na rangi hukolea.

Historia

Rangi ilikuwa na thamani ya fedha katika njia ya misafara ya magharibi mwa Tanzania kabla ya kompyuta kuwepo. Henry Morton Stanley, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora miaka ya 1871 na 1872, aliandika kwamba Unyamwezini shanga nyekundu zilizoitwa samisami zilipokelewa kwa urahisi na nyingine kukataliwa, lakini shanga nyeusi zilitumika Ugogo na hazikuwa na thamani kwingineko. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mzigo wa bure. Shanga, hata hivyo, ziliweza kulinganishwa kwa macho, moja kando ya nyingine. Picha ya kidijitali haina kielelezo cha kushikwa mkononi, na hapo ndipo vipimo vinapohitajika.

Msingi wa vipimo hivyo uliwekwa mwaka 1931, Tume ya Kimataifa ya Nuru, yaani CIE, ilipotoa mfumo wa kueleza rangi kwa namna jicho linavyoiona badala ya namna kifaa kinavyoitengeneza. Mwaka 1976 tume hiyo ilitoa mfumo wa Lab, ambamo L ni kiasi cha weupe, a ni nafasi kati ya kijani na nyekundu, na b ni nafasi kati ya buluu na manjano.

Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Agfa, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda muungano unaojulikana kama ICC ili programu na vifaa vyote vitumie aina moja ya profaili. Mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft walipendekeza sRGB, ambayo hadi leo ndiyo rangi ya kawaida ya intaneti na ya simu nyingi. Adobe RGB yenye wigo mpana zaidi ilitolewa mwaka 1998.

Profaili ya rangi

Profaili ni faili ndogo inayoeleza tabia ya kifaa fulani kuhusu rangi. Inaweza kulinganishwa na kamusi. Upande mmoja kuna namba za kifaa, upande wa pili kuna rangi halisi katika Lab. Picha inapotoka kwenye skrini kwenda kwenye printa, kompyuta husoma kamusi ya skrini kupata rangi iliyokusudiwa, kisha husoma kamusi ya printa kupata kiasi cha wino kinachoweza kutoa rangi hiyo. Namba hubadilika ili rangi isibadilike.

Kutengeneza profaili kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kusawazisha kifaa, yaani kukiweka katika hali inayojulikana na isiyoyumba. Ya pili ni kukipima. Kwa skrini hutumika kolorimita inayowekwa juu ya kioo. Kwa printa huchapwa chati yenye vipande vingi vya rangi, kisha kila kipande husomwa kwa spektrofotomita. Chati ya IT8.7/4 inayotumiwa na wachapaji ina vipande 1,617.

Profaili ni ya printa moja, wino wa aina moja na karatasi ya aina moja. Kimoja kikibadilika, profaili ya zamani haisemi kweli tena.

Mbinu za ubadilishaji

Rangi isiyoweza kuchapwa lazima ibadilishwe. Mfumo wa ICC una mbinu nne za kufanya hivyo.

Mbinu ya kimtazamo hubana rangi zote kwa pamoja ili uhusiano kati yake ubaki. Hufaa picha zenye rangi kali nyingi.

Mbinu ya ulinganifu wa karatasi huacha rangi zinazochapika zilivyo na kusogeza zile tu zilizo nje ya wigo. Weupe wa picha huwa weupe wa karatasi.

Mbinu ya ulinganifu kamili huiga hata weupe wa karatasi nyingine. Hutumika katika prufu.

Mbinu ya ukolezi hutafuta rangi zinazong'aa bila kujali sana usahihi. Hufaa grafu na michoro.

Tofauti kati ya rangi mbili hupimwa kwa kipimo kinachoitwa delta E. Tofauti ya takriban 1 ni ndogo kiasi kwamba jicho huitambua kwa shida. Kiwango cha ISO 12647-2 cha uchapaji wa ofseti huruhusu tofauti ya hadi 5 kwa kila wino wa msingi.

Mwanga wa kutazamia

Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine. Mnunuzi wa kitambaa anayetoka nacho nje ya duka ili akitazame juani hufanya jambo hilohilo kwa busara ya kawaida. Wachapaji wamekubaliana kutumia mwanga unaoitwa D50, wenye joto la rangi la takriban kelvini 5,000, na ISO 3664 inaeleza masharti yake. Skrini nyingi husawazishwa kwa D65, takriban kelvini 6,500. Kuta za rangi kali na mwanga wa jua unaopiga kioo cha kompyuta huharibu uamuzi wa jicho.

Mfano kutoka Kanyenye

Tabora ni mji wenye historia ya uchapaji: Tanganyika Mission Press ya Kipalapala, nje kidogo ya mji, ilichapa vitabu vya dini vya Kiswahili kwa miaka mingi. Siku hizi kazi ndogondogo hufanyika katika steshenari za mitaani, na mfano ufuatao wa kubuni unaonyesha tatizo linavyotokea.

Familia moja ya kata ya Kanyenye inaandaa kadi za mchango wa harusi. Sare ni buluu iliyokolea. Kipande cha kitambaa kinapigwa picha kwa simu chini ya taa ya dukani. Msanifu anachukua rangi kutoka kwenye picha hiyo, anaitazama kwenye skrini iliyoongezwa mwanga hadi mwisho, na mteja anaridhika. Faili ya RGB inatumwa kwa mchapaji katika mji mwingine. Kadi 300 zinarudi zikiwa na rangi ya zambarau. Familia inasema imeibiwa, msanifu anamlaumu mchapaji, na mchapaji anasema amechapa alichotumiwa. Hakuna aliyedanganya, lakini mmoja wao atalipa.

Kosa lilianza katika hatua nne: taa ya duka ilibadilisha rangi ya kitambaa, skrini haikusawazishwa, buluu iliyochaguliwa ilikuwa nje ya wigo wa wino, na hapakuwa na prufu. Buluu ya skrini ikibadilishwa kuwa CMYK hupata majenta nyingi, na majenta ndiyo inayoivuta kuelekea zambarau. Msanifu mzoefu huhakikisha majenta iko chini ya samawati kwa takriban asilimia 30 au zaidi. Prufu moja tu, ikitazamwa mlangoni kando ya kitambaa, ingeokoa kadi zote. Tatizo hilohilo huikabili buluu ya bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964, inapochapwa kwenye mabango na vyeti.

Rangi ya ngozi

Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi nyeupe ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa nzuri. Matokeo yake nyuso za watu weusi zilipoteza umbo, hasa walipopigwa picha pamoja na Wazungu. Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alionyesha kwamba Kodak ilisukumwa kuboresha rangi za kahawia pia na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilienea miaka ya 1990.

Katika uchapaji wa leo, ngozi nyeusi ikipewa wino mweusi mwingi hugeuka kijivu kama iliyopakwa majivu, na ikipewa samawati nyingi huonekana ya mgonjwa. Kwa kawaida majenta na manjano hukaribiana, samawati huwa chini yake, na wino mweusi hutumiwa kwa vivuli. Chati ya kusawazishia inapaswa kuwa na ngozi zinazofanana na za watu watakaochapwa.

Umuhimu katika elimu

Katika vitabu vya sayansi rangi ni sehemu ya somo. Kizuizi cha umeme chenye mistari nyekundu, nyekundu na kahawia ni cha omu 220, na chenye chungwa, chungwa na kahawia ni cha omu 330. Nyekundu na chungwa zikichapwa karibu sawa, mwanafunzi atasoma vibaya ingawa amekariri vizuri. Chati ya viashiria vya asidi na besi nayo hupoteza maana rangi zake zikihama, na vivyo hivyo ramani zinazotofautisha nyanda na milima kwa rangi.

Hatua za kazi

1. Skrini iwashwe kwa takriban nusu saa kabla ya kupimwa, kisha isawazishwe. Mwanga wa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba hutosha kwa kazi ya uchapaji. Upimaji hurudiwa kila mwezi.

2. Picha ihifadhiwe pamoja na profaili yake. Picha isiyo na profaili ni namba zisizo na kamusi.

3. Mchapaji aulizwe mapema anatumia profaili gani, karatasi gani, na kiwango gani cha juu cha wino. Wino nne zikijaa hufikia asilimia 400, kiasi kisichokauka. Magazeti huishia karibu na asilimia 240 na karatasi laini karibu na 300.

4. Prufu ya kwenye skrini itazamwe kabla ya kubadilisha faili, ili rangi zitakazopotea zionekane.

5. Kazi itumwe kama PDF/X, aina ya PDF inayobeba maelezo ya rangi kwa ajili ya uchapaji.

6. Prufu ya karatasi isainiwe na mteja kabla ya kuchapa nakala zote.

Kujifunza

Programu huria za kujifunzia zipo bila malipo: GIMP na Krita kwa picha, Scribus kwa kurasa, na ArgyllCMS pamoja na DisplayCAL kwa kusawazisha skrini. Gharama kubwa ni ya kifaa cha kupimia, na kimoja kinaweza kutumiwa na maduka kadhaa kwa zamu, kwa kuwa kila skrini hupimwa mara moja kwa mwezi.

Asiye na kifaa anaweza kuanza kwa kuchapa ukurasa wenye vipande vya rangi na kuandika kando yake namba za CMYK, aina ya karatasi na tarehe. Mteja huonyeshwa ukurasa huo badala ya skrini. Ni njia ya zamani ya kulinganisha kitu kwa kitu, na haihitaji umeme.

Tazama pia

Rangi
Nuru
Uchapaji
Jicho
Tabora (mji)