Picha za Sinema na Watoto Wetu

Jumapili moja, baada ya Misa, mpwa wangu wa miaka saba alipanda juu ya paa la banda la mbuzi, amejifunga kanga ya mama yake shingoni, akaruka. Jana yake alikuwa katika kibanda cha video akitazama picha ya mtu arukaye angani. Tulimwokota mkono umevunjika. Nilipomwuliza sababu, alijibu, “Mjomba, mbona yule hakuanguka?”

Wazazi wenzangu, kosa halikuwa la mtoto. Sisi tulimpa pesa ya kiingilio, tukafurahi kwamba nyumba imetulia.

Zamani hadithi za majitu tulizipata kwa bibi, usiku, kando ya moto. Jitu lilipotokea tulijibana kwake, na hadithi ilipokwisha tulimwuliza maswali. Sinema ni hadithi isiyo na bibi. Basi yatupasa sisi kukaa mahali pake. Haya ni maoni yangu mafupi juu ya picha chache nilizozitazama.

The Lion King (1994, ikatengenezwa upya 2019). Watoto huipenda maana humo wamo Simba, Rafiki na Pumbaa, majina ya lugha yetu. Simba mdogo afiwa na baba yake, na ami yake amdanganya kwamba kosa ni lake, naye akimbilia mbali kuishi kwa “hakuna matata.” Watoto hushika maneno hayo tu. Waonyesheni kwamba Simba alipokuwa akistarehe, nyumbani kwao walikuwa na njaa, na ya kwamba alikuwa mfalme kweli siku aliporudi. Yafaa kwa wote, ila wadogo washikwe mkono baba anapokufa.

The Chronicles of Narnia (2005). Imetokana na kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950. Watoto wanne wapita ndani ya kabati la nguo, watokea katika nchi ya theluji. Mmoja awasaliti ndugu zake kwa ajili ya peremende. Simba Aslan akubali kufa badala yake, kisha afufuka. Mkristo hahitaji kufasiriwa. Lakini yumo malkia mchawi. Mwambieni mtoto kwamba huyo ni wa hadithi, asije akamnyoshea kidole bibi kizee wa jirani kwa sababu ya macho yake mekundu ya moshi wa kuni. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa maneno ya namna hiyo.

Hatari! (1962). Ilipigwa hapa Tanganyika, upande wa Arusha, na mchezaji mkuu ni John Wayne. Magari yafukuza vifaru na twiga ili wakamatwe kwa kamba. Nchi yetu yapendeza sana humo, lakini watu wetu waonekana kwa nyuma tu, kama wasaidizi.

Black Panther (2018). Hapa mambo yamegeuka. Katika Wakanda, nchi ya kubuniwa, Mwafrika ndiye mfalme na ndiye mtaalamu. Lupita Nyong’o wa Kenya ni mmoja wa wachezaji. Ila mapigano na mauaji ni mengi. Walio chini ya miaka 13 wangoje.

Supa Modo (2018), ya Likarion Wainaina wa Kenya. Msichana Jo ni mgonjwa asiyetazamiwa kupona, naye atamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima chashirikiana kumtimizia ndoto yake. Hii ilinitoa machozi. Niliitazama pamoja na mpwa wangu, mkono wake ungali umefungwa hogo. Ilipokwisha alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mjomba, kumbe yeye alisaidiwa na watu wengi.” Nikamjibu ndiyo, na hata yule arukaye angani husaidiwa na mafundi wengi, ila hao hatuwaoni. Hapo alielewa.

Maneno hayo hangeyapata kibandani. Huko wafasiri wa picha huchekesha, lakini mara nyingine hutia chumvi na maneno yasiyofaa watoto.

Basi, kabla ya kumpa mtoto kiingilio, uliza ni picha gani. Ukiweza, itazame kwanza wewe. Kisha keti naye mpaka mwisho, na taa ikiwashwa mwulize, “Umeona nini?” Jibu lake laweza kuokoa mkono, au hata zaidi ya mkono.