Faili halionekani: tuokoe nini kwanza?

Mwanafunzi anayeandika kazi ya kumaliza masomo hapa Goma anaijua hali hii. Umeme umekatika ghafla, na betri ya kompyuta imezeeka, haishiki chaji. Umeme unaporudi, kiooni panatokea ujumbe wa Kifaransa: faili fulani ni «introuvable». Anampelekea fundi mashine, naye fundi, akiwa na haraka, anaifuta diski na kusakinisha Windows upya. Mashine imepona, lakini kurasa za miezi mingi zimekwenda.

Tuanze na lugha. Neno hilo halisemi kwamba maandishi yako yamepotea. Lasema tu kwamba programu imetafuta faili inalolihitaji, haikulipata. Faili la mfumo lina nakala zake kwingine, laweza kurudishwa. Sura ya tatu ya kazi yako haina nakala kwa Microsoft. Kwa hiyo, kama mashine bado inafunguka, nakili kazi yako kwenye flashi kabla ya kugusa kitu kingine.

Kisha soma jina la faili. Ikiwa ni programu moja tu inayokataa, na jina ni VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll, Windows yenyewe haijaharibika. Mafaili hayo ni ya furushi la Visual C++, ambalo Microsoft huligawa bure. Mara nyingi kulisakinisha upya kunatosha. Usipakue faili hilo peke yake kutoka tovuti usiyoijua: laweza kuwa na virusi, au kuwa la toleo lisilolingana. Tazama pia karantini ya programu yako ya kuzuia virusi. Huenda ndiyo iliyoliweka kando.

Ikiwa ni Windows yenyewe inayolalamika, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

sfc /scannow

Kwenye kibodi ya AZERTY, mkwaju hupatikana kwa kubonyeza Shift pamoja na kitufe cha nukta mbili. Acha nafasi kabla yake. Amri hii haili megabaiti: hulinganisha mafaili ya mfumo na nakala zilizomo ndani ya diski yenyewe. Ikisema imeshindwa kuyatengeneza yote, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii hutengeneza zile nakala, na kwa kawaida huhitaji intaneti. Ikimaliza, rudia ya kwanza.

Na mashine isipofunguka kabisa, ikitaja BOOTMGR? Chomoa kwanza flashi zote, uiwashe tena. Pengine ilikuwa inajaribu kuwakia kwenye flashi isiyo na mfumo. Ikikataa bado, iwashe kwa flashi yenye Ubuntu, uchague kuijaribu bila kuisakinisha, kisha unakili kazi yako. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itadai ufunguo wake.

Baada ya hapo ndipo fundi anaweza kufuta. Mwambie waziwazi mnapokabidhiana mashine: «Usifute kitu kabla hatujanakili.» Na kama mafaili yanaendelea kutoweka hata baada ya matengenezo, pimisha diski, huenda yenyewe inakufa. Windows itapatikana tena kwa fundi yeyote mjini. Kazi yako haipatikani kwa mwingine.