Nilimshuku Mume, Kumbe Ruta!

Siyo siri shoga yangu, nusura nyumba yangu hapa Mirongo ivurugike kwa sababu ya kiboksi kidogo chenye taa za kijani.

Mume wangu alihamishiwa Dar es Salaam kikazi. Mimi na mwanetu wa miaka 13 tukabaki Mwanza. Baba na mwana wakakubaliana: kila Jumamosi usiku wanacheza mpira wa PlayStation kupitia intaneti, kila mtu kwake, huku wanapiga stori kwenye hedfoni. Kwa mtoto, hiyo ndiyo ilikuwa saa yake na baba.

Jumamosi ya kwanza, wachezaji wakaganda mbele ya goli. Ya pili, sauti ikawa haisikiki. Ya tatu, mtoto akatupa pedi kitandani. "Mama, baba akifungwa anazima makusudi. Sichezi naye tena!"

Wiki mbili hata simu ya baba yake hapokei. Mume akaapa hajazima kitu. Mimi nami nikaanza kujiuliza: Jumamosi usiku yuko na nani? Ndiyo, nilifika huko!

Nikalipia kifurushi kikubwa zaidi. Wapi! Ndipo nikamwita kijana wa jirani, mtundu wa kompyuta.

"Mama, shida siyo spidi, ni ucheleweshaji," akaniambia. Mchezo hutumia data kidogo tu, ila unataka ifike haraka, bila kukatika. Muda wa kwenda na kurudi ndio wanaouita pingi, nao hupimwa kwa milisekunde.

Alifanya hivi:

Waya kwanza. Ruta ilikuwa sebuleni, PlayStation chumbani, kuta mbili katikati. Akavuta waya wa intaneti. Kama huna waya, tumia waifai ya 5 GHz ukiwa karibu na ruta. Ile ya 2.4 GHz inafika mbali, lakini inagongana na za majirani.

Fungua geti. PlayStation ilipopima mtandao ikaonyesha NAT aina ya 3. NAT ni kama mlinzi wa geti: anayetoka anapita, mgeni asiyetajwa anazuiwa. Kumbe sauti ya baba ilikuwa inaishia getini! Akaingia kwenye ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake (nyingi ni 192.168.1.1), akawasha UPnP, akazima vyote na kuwasha upya. Ikasoma aina ya 2.

Funga mlango mwingine. Akabadilisha nywila ya kiwandani ya ruta, wajanja wasiingie.

Punguza foleni. Hapa niliona aibu. Simu yangu ndiyo iliyokuwa inapakia mapicha saa ileile ya mechi!

Angalizo: ukitumia intaneti ya laini ya simu, mara nyingi geti la pili liko kwa mtoa huduma, na UPnP haitalifungua. Muulize kama anaweza kukupa anwani ya umma.

Jumamosi iliyofuata nilimbembeleza mtoto hadi akakaa. Mechi ikaanza, haikuganda.

"Mwanangu, unanisikia?"

Kimya. Roho ikanidunda.

"Nakusikia, baba. Shikamoo."

Alifungwa 3-1, akacheka. Nami usiku ule nilimpigia mume wangu nikamwomba radhi kwa yale niliyowaza. Shoga, kabla hujamhukumu mwenzio, kagua waya.