Ufyonzaji wa maji wa karatasi za kufutia

Karatasi ya kufutia ni karatasi laini inayotumika kukausha mikono, vyombo au kimiminika kilichomwagika. Uwezo wake wa kufyonza maji hutegemea hasa aina ya nyuzi za mti na namna zilivyotayarishwa kiwandani.

Jinsi maji yanavyofyonzwa

Nyuzi za karatasi ni za selulosi, ambayo huvuta maji. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji hukaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi, si ndani yake. Maji hupenya humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kwa hiyo karatasi yenye nafasi nyingi hubeba maji mengi kuliko iliyobanana yenye uzito uleule.

Aina za nyuzi

Katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, kuna miti ya makundi mawili:

* Misonobari, hasa *Pinus patula*, ina nyuzi ndefu za takriban milimita 3. Huifanya karatasi isichanike upesi.
* Mikaratusi, inayojulikana Iringa na Mbeya kama milingoti, ina nyuzi fupi za takriban milimita 1. Huleta ulaini.

Nyuzi za karatasi iliyorejelezwa zimefupika na kukakamaa kwa kukaushwa mara kwa mara, hivyo hazivimbi vizuri zinapolowa.

Utayarishaji

Kwanza vipande vya mti hupikwa ili kuondoa lignini, gundi ya asili isiyopenda maji. Kwa njia ya krafti hutumika hidroksidi ya sodiamu na salfidi ya sodiamu, kwa joto la takriban sentigredi 170.

Rojo linalopatikana likipondwa sana, nyuzi hushikamana: karatasi huwa imara, lakini nafasi hupungua. Kwa karatasi ya kufutia rojo hupondwa kidogo. Karatasi hukaushwa juu ya pipa la moto, kisha hukwanguliwa kwa kisu ili ijikunje na kuwa nene. Viwanda vingine hupitisha hewa ya moto katikati yake bila kuikandamiza, na hivyo nafasi nyingi hubaki. Dawa ya kuimarisha huifanya isisambaratike ikilowa, tofauti na karatasi ya chooni.

Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills na sasa kuitwa Mufindi Paper Mills, hutengeneza karatasi ya krafti ya mifuko. Nyuzi ndefu kama hizo za msonobari zinaweza kutoa karatasi ya mfuko au ya kufutia. Matayarisho ndiyo yanayotofautisha.

Jaribio la darasani

Kata vipande vya upana wa sentimita 2 vya karatasi ya mfuko, ya daftari na ya kufutia. Vining'inize, ncha zikigusa maji yenye rangi. Baada ya dakika moja, pima maji yamepanda kiasi gani katika kila kipande. Kisha vuta kila kipande kilicholowa uone kipi kinachanika kwanza.