Mteremko hautoi haki

Ukiwa tambarare, chini ya milima ya Upare kaskazini mwa Tanzania, ukainua macho, milima iko pale pale juu yako, na maji ya mifereji yanatoka huko. Mkulima wa mlimani anaweza kukuambia: "Mungu kaniweka juu, maji yananifikia kwanza, basi ni yangu kwanza." Kwamba yanamfikia kwanza, hakuna ubishi. Hiyo "basi" ndiyo yenye mushkeli.

Wapare wenyewe hawakuiachia "basi" hiyo iamue. Kule Bangalala, wilayani Same, wa juu humwagilia mchana. Usiku maji huachwa yashuke kujaza ndiva, bwawa dogo la wakulima wa chini. Asubuhi ndiva huzibuliwa, watu wakapokea kwa zamu. Mteremko haujabadilika. Zamu imetokana na watu kukaa na kukubaliana.

Mwanafalsafa David Hume aliigusa "basi" hiyo mwaka 1740: waandishi huanza na yaliyopo, mara unawakuta kwenye yanayopasa, na daraja hulioni. Mwanafalsafa mwingine, G. E. Moore, mwaka 1903, alilipa jina kosa linalokaribiana na hilo, la kudhani kwamba wema ni sifa fulani tu ya kimaumbile. Makosa haya mawili huchanganywa sana, hata na wanasheria, na yote mawili yametumika kuipiga nadharia ya sheria ya asili, ile inayosema kuna haki na wajibu visivyotokana na amri za watu tu. Mwanafalsafa wa sheria John Finnis alijibu mwaka 1980 kwamba sheria hiyo haichimbui wajibu kwenye maumbile. Akili huona yenyewe kuwa uhai na maarifa ni mema. Jibu zuri, ila mimi huuliza: akili ya nani?

Mahakamani swali hilo, pamoja na "basi" ya mteremko, lina uzito. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, kwa ridhaa ya wazazi, lakini mvulana kuoa akiwa na 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba wasichana hupevuka mapema. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Tukubali kwamba wanapevuka mapema. Kati ya kuvunja ungo na kuozwa bado kuna sentensi moja iliyomezwa: kwamba aliyepevuka mwili yuko tayari kwa ndoa. Itamke kwa sauti, halafu mtazame mvulana. Naye hubalehe kabla ya 18, lakini yeye sheria ilimwambia asubiri.