Chuma nacho kinachoka: kwa nini ilipasuka pembeni ya sudire

Leo siandiki ju ya mbolea wala ju ya ugonjwa wa mihogo. Mimi nilisoma agronomia, si mekanike. Lakini nilikuwa na deni kwa fundi mmoja wa sudire, na sehemu ya kulilipa ni kueleza hapa kile nilichokosea, ju najua wengi kati yetu wanasimamia mashini za kooperative na wanakosea vilevile.

Mashini yetu ya kusaga mihogo na mahindi iko Walungu. Shafti yake, yaani ule mti wa chuma wenye unazunguka na kubeba nyundo za kusagia, ulivunjika. Kununua mpya ilikuwa dola nyingi, tukaita fundi apige sudire. Kazi ikarudi. Kisha wiki ya tatu: kaa! Ikavunjika tena. Bamama walikuwa wamekuja na vikapu tangu saa kumi na mbili asubuhi, wakarudi na mihogo yao kichwani. Fundi akaongeza sudire, safari hii nene sana, kama kifundo cha mguu wenye umevimba. Siku tisa tu, ikakatika mara ya tatu. Hapo nikakasirika. Nikamwambia anatumia bageti za bei ya chini, na nusu ya malipo yake sikutoa. Yeye akasema kwa upole: "Patro, angalia muzuri. Sudire yangu iko nzima. Imekatika pembeni."

Nilidhani anajitetea. Lakini kilikuwa kweli. Kile kipande ningali nacho kwenye meza yangu, na ukikiangalia utaona sehemu mbili. Moja ni laini, iko na mistari ya kupinda kama ile maji yanaacha ku mchanga wa ziwa yakirudi nyuma. Ingine ni ndogo, ni mbaya, imechanika kama sukari yenye imeshikana. Rafiki mmoja mwenye alisoma mekanike alikiangalia kwa sekunde tano tu, akaniuliza: "Hii imepasuka tangu lini?" Nikamjibu: jana. Akacheka. "Jana njo imemaliza. Kupasuka ilianza zamani."

Hiyo inaitwa uchovu wa chuma. Chukua waya, upinde huku na huku. Mara ya kwanza haikatiki, mara ya kumi na tano inakatika, na mkono wako haukuongeza nguvu hata kidogo. Tofauti ni kwamba waya unaona unapinda. Shafti haipindi kwa macho. Inanyooka inavyotakiwa, inabeba mzigo wenye ilibeba jana na juzi, na ndani ya ngozi yake kaufa kadogo kuliko unywele kanaenda mbele kila siku.

Hesabu yenyewe ndiyo ilinishtua. Mukanda wa moteri unavuta shafti upande mmoja tu. Shafti ikizunguka, kila sehemu ya ngozi yake inavutwa ikiwa upande mmoja na inabanwa ikifika upande wa pili. Mzunguko mmoja, kuvutwa na kubanwa mara moja. Sasa tuseme inazunguka mara 900 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 54,000. Ukisaga saa 6 kwa siku, ni 324,000. Siku tatu, karibu milioni moja. Sisi tulikuwa tunasema "imetumika wiki tatu tu", kumbe chuma kilikuwa kinahesabu kwa mamilioni.

Jambo hili lilichunguzwa sana ku treni. Tarehe 8 Mei 1842 treni yenye ilikuwa inatoka Versailles kurudi Paris ilivunjika ekseli ya mashini ya mbele, mabehewa yakapandana na moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 50. Baadaye Mjerumani mmoja wa reli, August Wöhler, alijenga mashini za kuzungusha ekseli chini ya mzigo, akahesabu kila moja inavumilia mara ngapi. Aliona kwamba ukipunguza mzigo chuma kinaishi mara nyingi zaidi, na kwamba kwa chuma cha kawaida kuna kiwango cha chini ambapo kinaweza kuzunguka mamilioni bila kupasuka. Aluminiamu haina bahati hiyo: hata mzigo mdogo, ukirudia vya kutosha, utaimaliza. Kumbukeni hilo, tutafika ku ndege.

Ufa unaanzia wapi? Hapa mimi naelewa kwa mfereji wa maji. Ukitupa jiwe mu mfereji, maji yanabanwa pembeni ya jiwe na hapo yanakimbia sana, hata kama mfereji mzima uko mtulivu. Nguvu ndani ya chuma inafanya vilevile. Penye kona kali, penye tundu, penye chuma kinabadilika ghafla kutoka chembamba kwenda kinene, nguvu inajazana. Na hakuna penye kunabadilika ghafla kuliko ukingo wa sudire, pale bageti iliyoyeyuka inakutana na chuma cha asili. Kwa hiyo ile sudire nene tuliyoongeza haikusaidia kitu. Ilifanya ukingo uwe mkali zaidi.

Kisha kuna mengine mawili. Mu ukingo huo mara nyingi kunabaki kamfereji kadogo au uchafu wa bageti, na hiyo tayari ni mwanzo wa ufa. Hauhitaji tena miezi ya kuzaliwa, unaanza kukua siku ya kwanza. Tena sudire ikipoa inajikunja. Lakini chuma cha pembeni kinaikatalia, basi inabaki imevutwa kama kamba yenye imekazwa, hata mashini ikiwa imezimwa. Ndiyo maana watu wa fani wanasema kununua chuma kigumu zaidi hakusaidii sana kama kimeunganishwa kwa sudire na kuachwa hivyo. Ukingo utaanza kupasuka karibu na muda uleule.

Na sasa dhambi yangu mimi. Shafti nyingi si chuma laini kama cha milango. Ziko na kaboni nyingi zaidi. Chuma cha namna hiyo kikipashwa moto sana kisha kipoe haraka, kinageuka kigumu na chenye kuvunjika kama kioo, hasa pale pembeni mwa sudire. Nani alimwaga maji juu ya sudire ili tuwahi kusaga mbele ya jioni? Mimi, mwenye lisansi. Fundi alisema tungoje. Nilimwaga kindoo kizima.

Ufa ukishazaliwa, unaenda hatua kwa hatua, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyokimbia. Mu mwanzo wa miaka ya 1960 Mmarekani Paul Paris alionyesha namna ya kuhesabu mbio hizo. Kwa chuma, kwa kadiri tu, ukiongeza mzigo mara 2, kila mzunguko unausukuma ufa mbele kama mara 8. Si mara 2. Bamotari wetu wenye wanabeba magunia manne ya makala pale pametengenezewa mawili waangalie hesabu hiyo. Pikipiki inafika, kweli. Lakini kila shimo la barabara linakula kwa bei ya mara nane, na siku ya kuvunjika inaweza kuwa siku yenye amebeba mama na mtoto tu.

Ukitaka kuona sudire ndogo inaweza kufanya nini, soma habari ya Alexander L. Kielland. Lilikuwa jukwaa mu Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway, penye uwanja wa mafuta wa Ekofisk. Lilisimama juu ya miguu mitano na kutumika kama nyumba ya kulala ya wafanyakazi. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, mu dhoruba, mguu mmoja ulikatika, jukwaa likainama na ndani ya nusu saa likapinduka. Walikuwemo watu 212. Walikufa 123.

Wachunguzi walifuata mpasuko kutoka mguu ule mpaka ku bomba moja kubwa la kuushikilia, na mu bomba hilo wakafika ku kitu kidogo: kishikizo cha chombo cha kusikilizia sauti chini ya maji. Hakikubeba mzigo wowote wa maana. Kilikuwa kimeunganishwa kwa sudire ya milimita 6, tena ya hovyo. Ndani ya ufa walikuta rangi. Fikirini: rangi iliingia mu ufa wakati jukwaa lilipokuwa likipakwa kiwandani, maana yake ufa ulikuwepo kabla jukwaa halijatoka. Kisha kila wimbi lilisukuma kidogo, miaka karibu minne, mpaka bomba likakatika. Mengine yaliyoushika mguu yakazidiwa, yakafuata moja nyuma ya lingine. Mwenye aliweka kishikizo kile bila shaka alisema: hii ni kitu kidogo tu.

Ku ndege, ngozi haifungwi kwa sudire, inafungwa kwa riveti, ju aluminiamu ngumu ya ndege inaharibika vibaya ikiyeyushwa. Lakini kila tundu la riveti nalo ni jiwe mu mfereji. Na ndege yenye inaruka juu sana inajazwa hewa ndani ili abiria wapumue. Ikipanda, inavimba kidogo, ikishuka, inarudi. Safari moja, mvuto mmoja. Waingereza walijifunza hilo kwa uchungu mu 1954, ndege zao mbili za Comet zilipopasuka hewani mbele ya pwani ya Italia, moja Januari, ingine Aprili. Huko Farnborough wakaweka mwili wa Comet ingine ndani ya tangi la maji, wakaijaza na kuitoa presha tena na tena. Ilipasuka baada ya safari kama 3,000, ukijumlisha za kweli na za kwenye tangi, ufa ukiwa umeanzia ku kona ya dirisha. Wengi wanasema ni madirisha ya abiria yaliyoua zile Comet. Ile ya Januari, walipookota vipande baharini, waliona mpasuko umeanzia juu ya paa, penye tundu la antena.

Kwa hiyo umri wa ndege si miaka peke yake, wala saa peke yake. Boeing 737 ya Aloha Airlines, yenye paa lake lilichanika hewani kule Hawaii tarehe 28 Aprili 1988, ilikuwa imeruka saa 35,496 tu. Lakini safari zilikuwa 89,680. Gawanya: kama dakika 24 kwa safari, kisiwa mpaka kisiwa, mu hewa ya chumvi. Gundi kati ya mabati ilikuwa imeachia, riveti zikabaki kubeba peke yake, na nyufa ndogondogo za tundu hili na tundu lile zikaungana. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Rubani alifaulu kutua na wengine wote wakiwa hai. Jambo lenye haliniachi ni hili: abiria mmoja aliuona ufa wakati anapanda. Hakumwambia mtu.

Sisi mu nchi yenye kutoka Goma mpaka Bukavu kwa ndege ni dakika chache, tuulize pia ndege imetua mara ngapi. Zile ndogo zenye hazijazwi hewa haziepuki. Mabawa na miguu yake inahesabu kila upepo na kila kutua.

Turudi Walungu. Niliporudi kwa yule fundi nilimlipa nusu iliyobaki, nikamwomba msamaha mbele ya vijana wake. Akasema, "Haina shida, lakini usimwage tena maji." Shafti tulinunua mpya, ju shafti yenye inazunguka kwa kasi si kitu cha kuunganisha katikati na kutegemea. Kwa fremu na vyuma vingine vyenye havizunguki, tumekubaliana naye namna ya kufanya. Kwanza kutafuta ufa unaishia wapi: tunasafisha, tunapaka petroli ya taa, tunangoja, tunapangusa pakauke, tunapaka chaki. Petroli yenye ilijificha mu ufa inatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, mara nyingi mrefu kuliko jicho lilivyoona. Penye mstari unaishia anatoboa tundu dogo, ufa ukose ncha ya kwenda nayo. Kisha anausaga wote mpaka chini kabla ya kupiga sudire. Kuufunika juu tu ni kuupaka rangi kama ule wa Kielland. Akimaliza anasaga ukingo uwe laini, uingie polepole mu chuma. Na kipande kinalala ndani ya majivu ya moto mpaka kesho yake, hata bamama wakinung'unika.

Ku ukuta wa mashini kuna sasa kaye yenye tunaandika saa za kila siku, na kila mwisho wa mwezi tunaizima, tunatoa chaki. Mwezi uliopita tulikuta mstari ku mguu wa moteri, urefu wa ukucha. Hakuna mwenye alikuwa ameuona.

Mwenye kuwa na kipande kilichovunjika nyumbani, cha pikipiki, cha mashini, cha jembe la ng'ombe, anipigie picha ya ule uso wa ndani kabla hakijaota kutu. Tuone kama kiko na ile mistari.