Je, Wajua? Besi Ikiachiwa Jukwaa

Anayeishi mtaa wa Huruma jijini Nairobi haambiwi besi ni nini. Huisikia matatu aina ya nganya ikikaribia steji kabla hajaiona hata rangi yake, na huisikia ghorofani jirani anapofungulia wufa Jumamosi jioni. Lakini kuna tamasha ambapo chombo hiki cha sauti nzito huachiwa jukwaa zima: wenzake wote kando, taa zote kwake, na maelfu ya watu wakimkodolea macho mtu mmoja na nyuzi zake nne. Ni tamasha la hevi metali. Visa vyake vinavuka bahari, vinapita Amboseli, Kampala na Unguja, kisha vinatufikia mlangoni. Karibu tuvionje.

Bendi nzima ilihama mji kumfuata mpiga besi

Mwaka 1982, James Hetfield na Lars Ulrich wa bendi ya hevi metali ya Metallica waliingia klabu ya Whisky a Go Go mjini Los Angeles, wakasikia gitaa likilia kwa namna ya ajabu. Walipomtafuta mpigaji kwa macho, kumbe lile ni besi, na aliyelishika ni Cliff Burton wa bendi ya Trauma! Wakambembeleza ajiunge nao. Burton akakubali kwa sharti moja: yeye hatoki kwao, eneo la San Francisco. Basi wao ndio waliofunga virago na kumfuata, mwendo wa kilomita 600 hivi, mrefu kuliko Nairobi hadi Mombasa. Kwa chombo ambacho mashabiki wengi hawajui hata jina la mpigaji wake, hiyo ni heshima kubwa.

Albamu ya kwanza ilitoa zaidi ya dakika nne kwa besi

Metallica walipotoa Kill 'Em All mwaka 1983, ndani yake mlikuwa na kibao kisicho na mwimbaji wala gitaa la kawaida: (Anesthesia) Pulling Teeth. Burton anaanza peke yake, na ngoma zinaingia baadaye sana. Alitumia kanyagio la wah-wah na mtambo wa kukwaruza sauti, vifaa ambavyo wengi waliviona kuwa mali ya wapiga gitaa la solo. Tangu hapo, kijana yeyote aliyenunua besi alijua kwamba hata yeye anaweza kusimama mbele.

Mpiga besi ana siku yake rasmi

Burton alifariki tarehe 27 Septemba 1986, akiwa na umri wa miaka 24 tu, basi la bendi lilipopinduka nchini Sweden. Zaidi ya miaka 30 baadaye, serikali ya kaunti ya Alameda, jimbo la California, ilitangaza tarehe 10 Februari 2018, siku aliyozaliwa, kuwa Siku ya Cliff Burton. Robert Trujillo, anayeshika besi ya Metallica tangu 2003, amekipiga kipande cha solo ile ya Burton jukwaani, na viwanja vizima humwitikia. Kwa mashabiki hao, solo ya besi ni namna ya kumkumbuka marehemu kwa sauti ya juu.

Albamu maarufu ambayo besi yake haisikiki vizuri

Mwaka 1988 Metallica walitoa ...And Justice for All, na besi ya Jason Newsted, aliyemrithi Burton, ilififishwa hivi kwamba sikio hulazimika kuitafuta. Alipiga kila noti, lakini waliochanganya sauti waliishusha hadi ikamezwa na magitaa. Mashabiki hawakukubali: wengine wametengeneza matoleo yao wenyewe wakiirudisha besi mahali pake. Ni ushahidi mzuri kwamba kitu kisichotajwa sana ndicho hukosesha watu usingizi kikipotea.

Sauti ya metali ilizaliwa karakanani

Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine akiwa na miaka 17, akifanya kazi ya mabati kiwandani mjini Birmingham, Uingereza. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito. Geezer Butler, mpiga besi wao, naye akaongeza besi chini yake, na kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1970 wimbo N.I.B. unafunguliwa na besi peke yake. Fundi yeyote wa jua kali pale Kariobangi au Kamukunji ataelewa haraka: muziki wa chuma ulianzishwa na watu waliojua chuma kinavyokata.

Mwaka mmoja, wapiga besi wawili, bendi mbili kubwa

Mwaka 1975 London ilipata Iron Maiden na Motörhead, na zote mbili zilianzishwa na wapiga besi! Steve Harris wa Iron Maiden hupiga kwa vidole vyake, mbio kama farasi anayekimbia, na ndiye mtunzi mkuu wa bendi hadi leo. Lemmy wa Motörhead alipitisha besi yake kwenye amplifaya zilizoikwaruza kama gitaa na kupiga nyuzi kadhaa kwa pamoja, sauti ikanguruma mwanzo hadi mwisho wa onyesho. Kwa wawili hawa, besi ilikuwa usukani.

Kuna solo ya besi inayoruka kama nyuki

Joey DeMaio wa bendi ya Manowar, Marekani, alichukua kipande cha mtunzi Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov kinachoiga mruko wa nyuki, akakipiga chote kwa besi kwenye albamu ya mwaka 1988. Kabla ya hapo, mwaka 1982, alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa muziki wa opera wa Mwitaliano Rossini. Muziki uliotungwa kwa orkestra nzima ulitoshea mikononi mwa mtu mmoja. Na bendi hiyo haikujua kunong'ona: mwaka 1984 kitabu cha Guinness kiliitaja kuwa yenye kelele nyingi zaidi duniani. Baadaye Guinness waliacha kuweka rekodi hiyo, wasije wakahimiza watu kuharibu masikio.

Dakika za solo ni dakika za kazi

Mpiga besi akiwa peke yake jukwaani, nyuma ya pazia watu wanahangaika. Mwimbaji anameza maji na kupumzisha koo lililokuwa likiunguruma, mpiga ngoma anafuta jasho, na wapiga gitaa wanabadilisha magitaa yaliyofungwa nyuzi kwa mpango tofauti. Onyesho la metali huweza kuzidi saa mbili kwa mwendo wa kasi, kwa hiyo pumziko hilo ni la lazima. Uzuri ni kwamba msikilizaji halioni kama pumziko. Kwake ni kilele.

Wimbi moja la besi ni refu kuliko matatu

Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la noti hiyo hufikia urefu wa mita 8, likiishinda matatu ya abiria 14 kutoka bampa hadi bampa! Wimbi la ukubwa huo halizuiwi na nguzo wala kichwa cha mtu aliyesimama mbele yako. Huuzunguka umati na kumgusa kila mtu kifuani, awe mstari wa kwanza au wa mwisho.

Sikio la binadamu huidhulumu besi

Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti nzito na sauti ya kati zikitolewa kwa nguvu sawa, sikio huiona ile nzito kuwa dhaifu. Ndiyo maana besi hudai umeme zaidi. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa amplifaya ya besi ya wati 300, wakati wapiga gitaa wengi wa viwanja vikubwa walitosheka na wati 100. Mpiga besi anapojaza uwanja peke yake, nyuma yake kuna mzigo wa spika wa kubebwa na wanaume kadhaa.

Jirani hupata besi peke yake

Ukuta wa ghorofa huzuia maneno ya wimbo na kuachia besi ipite. Sauti nyembamba humezwa na mawe na plasta, lakini mawimbi marefu huutikisa ukuta wenyewe, nao ukawa spika mpya upande wa pili. Ndiyo maana katika majumba yaliyobanana ya Huruma unaweza kuujua wimbo wa ghorofa ya tatu kwa mdundo tu. Sheria inalitambua jambo hili: kanuni za mazingira za Kenya za mwaka 2009 kuhusu makelele zinataja pia mtetemo uliopita kiasi, si sauti peke yake.

Besi isiyosikika huwafanya watu wacheze zaidi

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio tamu. Katika onyesho halisi la muziki wa elektroniki, waliwasha na kuzima spika za sauti nzito mno isiyotambulika kwa sikio, bila wachezaji kujua ni wakati gani. Spika hizo zilipowashwa, watu walijitikisa zaidi kwa asilimia 11.8! Utafiti mwingine wa mwaka 2014, ulioshirikisha chuo hicho hicho, ulionyesha kwamba ubongo hushika wakati kwa usahihi zaidi kupitia noti nzito. Mwili huisikiliza besi hata akili ikiwa kwingine.

Tembo wa Amboseli walitutangulia

Katikati ya miaka ya 1980, watafiti Joyce Poole na Katy Payne walirekodi tembo wa Amboseli wakizungumza kwa sauti za chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, mahali sikio la binadamu linapofikia kikomo. Sauti hizo husafiri kilomita kadhaa nyikani, na tembo huweza kuhisi mtetemo ardhini kwa nyayo zao. Fizikia ni ile ile inayoipeleka besi ya tamasha mbali kuliko uimbaji. Mabingwa wa sauti nzito wako hapa hapa Kenya.

Mpiga nyatiti huvaa chuma kidoleni

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga nayo ubao wa chombo huku njuga za mguuni zikilia. Mtu mmoja ni mwimbaji, gitaa, besi na ngoma! Mapigo hayo yalihamia kwenye magitaa ya benga, ambamo besi haijifichi: hukimbia, huruka na kujibizana na gitaa la solo. D.O. Misiani, aliyezaliwa eneo la Shirati, Tanzania, aliisambaza sauti hiyo nchini Kenya na bendi yake ya Shirati Jazz. Anayeipenda benga tayari ana sikio la kuielewa solo ya besi ya metali.

Nairobi ilitoa metali bila mpiga besi

Albamu ya kundi la Duma, iliyotoka Agosti 2020, iliwashangaza wapenzi wa muziki mzito duniani, na waliokuwamo ni Wakenya wawili tu: Martin Khanja, maarufu kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Wote walitokea kwenye bendi za metali za Nairobi, na kazi hiyo waliirekodi Kampala chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes. Hapakuwa na mpiga besi. Uzito mwingi ulitoka kwenye mitambo na kompyuta, ukafika kifuani vile vile. Kundi hilo lilithibitisha kwamba besi ni nguvu kwanza, kifaa baadaye.

Kuna uzi kutoka Unguja hadi Metallica

Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na bendi yake ya Queen iliandika Stone Cold Crazy, wimbo wa kasi ambao Metallica waliurudia na kushinda nao tuzo ya Grammy mwaka 1991. Wimbo wa Queen uliofika kileleni Marekani mwaka 1980, Another One Bites the Dust, ulitungwa na mpiga besi wao, John Deacon, na hubebwa na besi kuanzia noti ya kwanza. Mpole kuliko wote kundini ndiye aliyetoa mdundo unaotambulika hadi leo.

Dakika 15 zinatosha kuumiza sikio

Kwa viwango vinavyopendekezwa vya afya kazini nchini Marekani, sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa nane, lakini kelele ikifika desibeli 100 muda huo hushuka hadi dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka desibeli 100 kuwa wastani wa juu kabisa kwenye kumbi na matamasha, likataka pia pawepo vizibo vya masikio na sehemu tulivu za kupumzikia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, wakati mwingine ukienda tamashani, au ukiketi karibu na wufa ya nganya, weka vizibo masikioni na usogee mbali kidogo na spika. Besi bado utaipata kifuani, na masikio yako utayabakiza kwa matamasha mengine mengi.